Baa ya Baba inanifia mikononi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46. Naishi Tabata na mume wangu, lakini nimezaliwa na kukulia Magomeni, kwenye nyumba ambayo mbele yake ni baa. Jina la baa silitaji, maana watu wa Magomeni wakilisikia tu watajua ni mimi niliyeandika, na wengine wao bado nawadai.

Baba aliifungua mwaka 1976 akiwa bado anafanya kazi bandarini. Ilianza na meza nne chini ya mkungu na friji ya mafuta ya taa. Julai ya mwaka uliofuata Simba ikaifunga Yanga mabao 6-0. Baba alikuwa Simba wa kufa mtu. Akachukua rangi nyekundu ya mafuta, akaandika 6–0 nyuma ya kaunta, kila tarakimu ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mpaka leo ipo. Ukuta umepakwa rangi sijui mara ngapi, lakini fundi akifika hapo anazunguka.

Hesabu nilijifunzia kwenye makreti ya chupa tupu. Mama husimulia ule mwaka 1983, bia ilipokuwa ya kugawana, chupa mbili kwa mtu, Baba akiandika majina ya wateja kwa chaki kwenye mlango wa stoo ili asipendelee. Mimi ninachokumbuka ni jioni, redio ya RTD juu ya friji, na wazee wakibishana kuhusu bendi za Sikinde na Msondo mpaka Baba anaizima redio waagize kwanza. Na kuagiza kwenyewe ilikuwa neno moja tu, "kama tulivyokaa," mhudumu anajua nani Safari, nani ya baridi na nani ya moto.

Sasa hali ilivyo. Ujenzi wa barabara ya mwendokasi ulipoanza 2012, tulikaa miaka na vumbi na mabati. Mabasi yakaanza 2016, lakini kituo cha daladala kilichokuwa kikimwaga watu mlangoni kwetu hakikurudi, na mwenye gari hana pa kuegesha. Kwenye mtaa wetu peke yake zimefunguliwa grosari tatu, friji moja na viti vya plastiki, bei chini yetu kwa sababu muuzaji ni mwenye nyumba mwenyewe. Vijana wanataka DJ. Na wazee wanakufa, Mama Mshauri. Ile meza yao ilikuwa na watu kumi na mmoja. Wamebaki wanne, mmoja ana sukari anakunywa maji, mwingine ameokoka, anakuja kukaa tu. Nilikuwa nauza kreti 40 kwa wiki, sasa 6. Jumamosi tulikuwa tunachinja mbuzi mzima, sasa tunanunua kilo tano na zinabaki.

Siku iliyonikata maini ni tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Zamani siku kama hiyo ungepita Magomeni kwa ubavu. Ndani tulikuwa saba, pamoja na wahudumu. Mpira ulipoisha, mzee mmoja wa Yanga, wa meza ileile, akatoa kwenye mfuko wa nailoni kopo dogo la rangi ya kijani na brashi. Alilinunua asubuhi, kwa imani tu. Akapita nyuma ya kaunta bila kuniomba ruhusa, akaandika 5–1 chini ya ile ya Baba. Mkono ulikuwa unamtetemeka, ile moja imepinda. Tulipiga makofi sisi saba, halafu kukawa kimya. Nilikwenda stoo nikalia.

Baba alifariki 2017. Nilikuwa naye hospitali. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa: "Usiwafungie wenzangu mlango." Nimelishika hadi leo.

Tumezaliwa wanne. Kaka yetu mkubwa yuko Mwanza, ameshapata mnunuzi wa kiwanja anayetaka kujenga fremu chini na apatimenti juu, na nasikia ameshapokea kishika uchumba. Dada yangu wa Dodoma anamuunga mkono. Mdogo wetu wa mwisho hataki kuuza, anataka tugeuze iwe lounji, taa za rangi na muziki mkubwa. Mirathi hatujafungua kwa sababu sisi ni ndugu tunaoaminiana. Mama ana miaka 78, anakaa vyumba vya uani. Bado anaamka saa 10 alfajiri kubandika sufuria la supu, ingawa wanywaji ni wachache, tunamwacha tu ajishughulishe.

Mwaka jana nilichukua shilingi milioni nne kwenye kikoba kulipia leseni na umeme na mishahara. Mume wangu hajui. Yeye baa anaiita "ya marehemu".

Wale wazee wanne wamesema watachangishana isifungwe. Nilitaka kucheka nikashindwa. Halafu wiki iliyopita mchoma nyama wetu, yupo tangu 1996, aliniuliza, "Dada, ninunue mkaa wa gunia au wa ndoo?" Sikumjibu.

Nifunge, niuze au nikaze? Nikifunga naona kama namzika Baba mara ya pili.

Ni mimi,
Binti wa Kaunta

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi, na kila nikifika kwenye mkaa nasimama. Huyo mchoma nyama amekuuliza jambo ambalo kaka, dada, mdogo wako na hata mimi tungelizunguka kwa maneno mengi. Gunia ni la mwezi, ndoo ni ya leo na kesho. Anataka kujua tunabaki au tunaondoka. Ninaelewa kwa nini ulinyamaza.

Umeniletea furushi moja, lakini nikilifungua nakuta mafundo matatu. Kuna biashara isiyojilipa. Kuna mirathi ambayo haijafunguliwa tangu 2017. Na kuna msiba wa Baba ambao sidhani kama umeumaliza. Umeyafunga pamoja kwa neno "nifunge", kana kwamba siku ukitia kufuli mlangoni yote matatu yatakuwa yameamuliwa, na aliyeyaamua ni wewe. Kwa mzigo huo mtu yeyote angekimbilia stoo.

Tuanze na kosa unalojibebesha. Umeandika baa inakufia mikononi. Lakini uliyoyataja mwenyewe ni barabara, grosari, vijana wanaotaka muziki mwingine, na wazee saba waliokwenda makaburini. Hapo lipi ungelizuia? Bia Dar es Salaam haijapungua, imehama tu, imesogea karibu na kitanda cha mnywaji. Baa ya aina ya Baba yako iliishi kwa watu waliokuwa wakishuka kwenye gari pamoja, wakirudi kazini pamoja, wakisikiliza redio moja kwa sababu ilikuwepo moja. Leo kila mtu ana mpira na muziki kwenye simu yake. Pengine ungepunguza hasara hapa na pale, sikatai, lakini hukuiua wewe.

Sasa neno la Baba. "Usiwafungie wenzangu mlango." Mimi sikuwepo na wewe ulikuwepo, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari. Hakusema baa. Hakusema biashara. Alisema wenzangu, na alisema mlango. Umelichukua kuwa ni mlango ule wa kaunta na ni wateja wote wa sasa na wa baadaye, na pengine ndivyo alivyomaanisha, alikuwa mtu wa baa. Lakini jiulize: kama wale wazee wanne wangekuwa na benchi uani kwako, chini ya mkungu kama bado upo, bila leseni wala kreti, Baba angesema umewafungia? Sina jibu. Nataka tu neno lake lisikushike zaidi ya alivyokushika yeye mwenyewe akiwa hai.

Kuna mtu mwingine ambaye barua yako imempita. Baba yuko karibu kila aya. Mama amekuja mara mbili, mara moja akisimulia, mara ya pili akibandika sufuria, na hapo ukaandika "tunamwacha tu ajishughulishe." Mwanangu, rudi kwenye ule mwaka 1983. Bia chupa mbili kwa mtu, na siku nyingine nadhani hata hizo mbili hazikuwepo. Mimi nilikuwa mtu mzima miaka hiyo, nakumbuka baa zilizokuwa zikifungua mlango ili watu wakae tu. Sasa watu walikuwa wanafuata nini kwenu? Nani aliilisha nyumba siku ambazo lori la bia halikuja? Sijui historia ya kwenu, lakini nina wasiwasi baa hiyo imekuwa na wenyewe wawili tangu mwanzo, na mmoja wao bado yuko hai, ana miaka 78, anaamka saa 10 alfajiri, na katika mipango yote mitatu ya watoto wake hakuna aliyemuuliza. Huenda amechoka na anasubiri mtu amwambie apumzike. Huenda atawakatalia wote. Huenda kuna mambo ya miaka hiyo ambayo hajawahi kuyasema, mazuri au machungu, maana kuolewa na mwenye baa si kazi ndogo.

Na hili lina uzito wa sheria pia. Unasema mirathi hamjafungua kwa sababu mnaaminiana. Nimeona familia nyingi zilizoaminiana mpaka siku mnunuzi alipoleta fedha. Kiwanja kama kilikuwa cha Baba, kaka yako hana mamlaka ya kukiuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, yeye au mwingine. Kwa hiyo kile kishika uchumba alichopokea ni deni linalomsubiri yeye mwenyewe, na nadhani hajalitazama hivyo. Kinachohitajika kuanza si kikubwa: kikao cha familia chenye muhtasari ulioandikwa, cheti cha kifo, na maombi mahakamani. Ni mahakama ipi na kila mtu anapata nini, hiyo inategemea ndoa ya wazazi wenu na maisha waliyoishi, kama ni ya mila, ya Kiislamu au ya Kikristo, na Mama kama mjane ana nafasi yake humo. Muone mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kabla hamjagombana. Nikuonye lakini: ukifungua mirathi umefungua pia uwezekano wa kuuza, na ndugu zako wengi wakikubaliana kuuza unaweza kushindwa kihalali. Usiingie humo ukidhani mahakama itakulindia kaunta.

Tuzitazame basi hizo njia, kwa haraka pale panapostahili haraka.

Lounji ya mdogo wako. Simbezi, ana hamu na wewe huna. Lakini taa na spika ni mtaji, mtaa wenu sasa una apatimenti na majirani wapya, na kelele za baa zina kanuni zake na faini zake. Muulize kwa upole: mtaji ni wako au ni wa kikoba cha dada?

Kuuza. Fedha zitakuja, zitagawanywa, Mama atahamishwa. Wapi? Kwa umri wake, kumtoa kwenye uwanja aliouzoea si jambo la kuandika mstari mmoja kwenye mkataba. Wapo waliokubaliana na mjenzi wabakiziwe fremu moja au chumba cha chini. Wapo pia walioahidiwa hivyo kwa mdomo na wakaishia kuutazama ujenzi kutoka ng'ambo ya barabara. Lisiloandikwa halipo.

Kuhama na jina. Unawakumbuka Sikinde waliokuwa wakiwagombanisha wazee wako? Bendi ile ilizaliwa 1978 ikiitwa Mlimani Park kwa sababu ilipiga kwenye baa ya jina hilo. Ilipochukuliwa na shirika la DDC mwaka 1983, jina lilikwenda nayo, na watu walilifuata lilikokwenda. Lakini bendi ina miguu. Wazee wako wanne watapanda mabasi mangapi kukufuata Tabata?

Kupunguza. Hii ndiyo uliyoiandika bila kuiona. Kuna mtu anayebandika supu kila siku na kuna mtu anayejua kuchoma nyama kwa karibu miaka thelathini. Supu ya asubuhi, nyama ya jioni siku mbili tatu kwa wiki, bia kidogo au hakuna kabisa. Huenda hesabu inakubali, huenda haikubali, lakini hujawahi kuipiga kwa sababu umekuwa ukihesabu kreti tu. Hatari yake ni kwamba unaweza kuchelewesha lililokuwa lazima, na ukajikuta mwaka ujao uko palepale, deni limekua, Mama amechoka zaidi.

Wazee kuchangishana, usiwacheke hata moyoni. Kule London, mtaa wa Nunhead, kuna baa iitwayo Ivy House ambayo wakazi waliinunua wenyewe mwaka 2013, wanahisa 371, ilipokuwa karibu kuwa nyumba za kuishi. Lakini wale walikuwa na sheria iliyowapa muda wa kukusanya fedha, na walikuwa mamia. Wako ni wanne na pensheni. Mchango wao hauwezi kuwa mtaji. Nadhani wanachokuambia ni kwamba mahali hapo bado pana maana kwao kuliko fedha waliyonayo, na hilo waweza kulipokea bila kupokea hata shilingi.

Sasa milioni nne. Uliipitisha haraka, kama mtu anayevuka barabara asionekane, lakini ni jambo la kwanza ningelishughulikia hata kabla ya Mama. Kikoba ni wenzako wanaokudhamini. Ukichelewa rejesho mbili, habari itafika Tabata kwa miguu yake yenyewe, na mumeo ataisikia kwa mtu mwingine. Hapo ugomvi hautakuwa wa baa tena. Mwambie wewe, ukichagua siku yenye utulivu, na umpe tarakimu zote, hata zile za daftari la madeni ambazo wenyewe wameshakufa. Hilo neno lake "ya marehemu" linauma, naelewa. Lakini sina hakika kama ni dharau. Huenda ni mtu aliyekuona kwa miaka minane ukirudi umechoka na hana namna nyingine ya kusema. Au ni dharau kweli. Utajua ukishamwambia.

Na mchoma nyama. Hata kama hamjaamua, anastahili kujibiwa, na jibu "bado hatujajua, nunua ya ndoo" ni jibu. Mkija kumwachisha, sheria ya kazi inataka notisi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Kwa mtu wa tangu 1996, hiyo miaka kumi ni chini ya nusu ya aliyowatumikia, lakini ndicho kiwango cha chini, hamjakatazwa kuzidisha. Angalia pia kama michango yake ya NSSF ilikuwa inapelekwa. Kama haikupelekwa, kaa na ndugu zako mlitaje hilo kabla ya kugawana chochote.

Unaogopa kumzika Baba mara ya pili. Nakuuliza tu, na huna haja ya kunijibu: ile siku ya tarehe 5 Novemba, ulilia kwa ajili ya Baba, au kwa ajili ya yule mzee aliyesubiri miaka 46 kulipa kisasi, na alipokipata wengi waliokuwa wakimtania hawapo? Mimi nikisoma naona ulikuwa msiba wa watu wengi kwa mpigo. Misiba ya namna hiyo haina matanga, ndiyo maana inakurudia.

Nenda Magomeni alfajiri moja, kabla hujazungumza na Kaka. Saa 10, Mama akiwa jikoni. Usiende na hoja, nenda ukamenye vitunguu. Halafu niandikie alichosema, au kama hakusema kitu.

Na ule ukuta, ukifika, upige picha mchana jua likiwa limeingia kwenye kaunta, zote mbili, 6–0 na 5–1 na ile moja iliyopinda. Mwite yule mzee asimame pembeni, na kopo lake kama bado analo.